Elimu ya Mbuzi

Nani aliyekohoa?

Swali ni fupi, na jibu lake, kwa wakati huu wa kisa, halipo. Tume iliyoundwa kulitafuta ilikaa, ikanywa chai, ikapiga picha ya pamoja, kisha ikatangaza kwamba kikohozi kimethibitika lakini mkohozi bado. Yanayojulikana ni machache. Asubuhi ya gwaride la majaribio, katika kiwanja cha Chuo cha Elimu ya Mbuzi na Kondoo, Bonde la Ng'ambo, Mhakiki Mkuu kutoka mji mkuu alikuwa akiisoma hotuba ambayo Mlezi wa Taifa angeisoma siku ya mahafali. Alipofika penye maneno "wanafunzi wetu wenye siha timilifu", alinyamaza kidogo ili kupisha makofi. Katika upenyo ule mdogo, kabla ya kofi la kwanza, kikohozi kilipita. Kilikuwa kikavu, kifupi, na kilitoka mahali fulani kati ya safu ya wanafunzi na safu ya wazazi.

Katika nchi nyingine kikohozi ni shauri la kifua. Katika nchi hii ni shauri la dola. Watu wa Bonde la Ng'ambo wana desturi waliyoirithi: mkubwa akisema uongo barazani, mdogo hawezi kumwambia "unasema uongo", maana huo ungekuwa utovu wa adabu. Hukohoa. Msemaji mwungwana akisikia kikohozi hukatisha maneno, hurudi nyuma hadi pale alipopotoka, akaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Heshima ya mkubwa hubaki, na ukweli nao hubaki. Serikali, ambayo haikuwa na desturi ya kurudi nyuma, ilitunga Sheria ya Utulivu wa Koo. Tangu hapo wenye pumu huhudhuria mikutano ya hadhara wakiwa wamejiziba kwa shali, na mafua huuguliwa majumbani, kwa faragha, kama mapenzi.

Kwa hiyo Mhakiki Mkuu alipoinua macho kutoka kwenye hotuba na kuuliza, kwa upole wa mtu anayenoa kisu, "Nani aliyekohoa?", wote waliokuwapo walitazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama miguu. Ni mwalimu mmoja tu, msichana aliyeitwa Sikudhani, ambaye hakuinamisha kichwa. Alikuwa akiitazama safu ya wanafunzi, na uso wake ulikuwa umepauka.

*

Chuo hicho kilianza kwa nia njema, kama yanavyoanza mambo mengi ya huzuni katika nchi hiyo. Wafugaji wadogo wa Ng'ambo, wengi wao wanawake wenye mbuzi wawili watatu na kondoo wa kuazima, walikuwa wakipoteza wanyama kila masika. Maafisa vijana wa mifugo wakabuni mpango: wafugaji hao wafundishwe kujenga vibanda vilivyoinuka juu ya ardhi, kupunguza kwato, kumtenga mnyama mgeni kabla hajachangamana na wenyeji, na kumtambua mgonjwa mapema. Mpango ulipokuwa ukipanda ngazi, kila ofisi iliufupisha kidogo kwa heshima ya ofisi iliyo juu yake, na ulipofika kinywani mwa Mlezi wa Taifa ulikuwa umebaki sentensi moja: "Serikali yangu itatoa elimu ya mbuzi na kondoo kwa Bonde lote la Ng'ambo."

Makofi yalidumu hadi baadhi ya wapigaji wakahitaji kupepewa.

Sasa, ipo katika nchi hiyo Wizara ya Mambo Yaliyokwisha Kusemwa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba neno likishamtoka Mlezi wa Taifa linatekelezwa kama lilivyotoka, lisiongezwe wala lisipunguzwe. Aliwahi kutania kwamba angependa kuuona mlima fulani kwa karibu zaidi. Wizara ikaanza kuuhamisha, na hadi leo unahamishwa, kikapu kwa kikapu. Aliyelipokea neno la mbuzi ni Mhakiki Mkuu wa Wizara hiyo, Bwana Zuberi Pazi, mtu mwembamba asiyecheka na asiyepaaza sauti. Aliwaita maafisa wa mifugo mezani pake.

"Elimu ya watoto," aliuliza, "hupewa nani?"

"Watoto, mheshimiwa."

"Na elimu ya watu wazima?"

"Watu wazima, mheshimiwa."

"Basi nisaidieni, mimi sikusoma sana. Elimu ya mbuzi?"

Afisa mmoja kijana alifungua mdomo. Jirani yake alimkanyaga mguu chini ya meza, akaufunga. Hivyo ndivyo kilivyojengwa chuo cha kwanza duniani ambacho wanafunzi wake walitakiwa kufungwa kamba ili wasome.

*

Sikudhani aliletwa huko na lori la chaki. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya mifugo, ametumwa kwa mafunzo ya vitendo, na Mkuu wa Chuo ndiye ambaye mwishoni angeamua kama anafaa au hafai. Neno "hafai" halikuwa na rufaa. Aliyepewa alirudi kwao akiwa na elimu yote kichwani na bila ruhusa ya kuitumia. Lakini Sikudhani hakuliogopa neno hilo alipokuwa anakuja. Aliamini kwamba mtu akielezwa jambo jema kwa lugha iliyo wazi atalitenda. Hiyo ni imani ambayo vyuo vikuu huitoa bure na maisha huitoza ushuru.

Alipokuwa anashusha michoro yake ya kwato na vibanda, aliona msururu wa wanawake langoni, kila mmoja na kamba mkononi na mbuzi mwishoni mwa kamba. Mbele yao alisimama askari wa lango, Koplo Chilumba, mwenye tumbo la amani na kofia ya vita.

"Mbuzi apite," alisema koplo. "Wewe ubaki."

"Nibaki vipi, baba, na mimi ndiye niliyekuja kusoma?" aliuliza mwanamke wa mbele. Huyo ni Bi Mwaka, mjane mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na mbuzi wake alikuwa jike moja jeusi lenye mimba, jina lake Subira. Mbuzi mwingine hakuwa naye.

"Hii ni elimu ya mbuzi, mama. Wewe ni mbuzi?"

"Marehemu mume wangu alikuwa akiniita hivyo akikasirika."

"Una ushahidi?"

Wanawake waliangua kicheko. Koplo hakucheka, alikuwa kazini.

"Jina la mwanafunzi?"

"Subira."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mlezi wake."

Koplo alishtuka, akatazama kulia na kushoto. "Usirudie neno hilo! Mlezi katika nchi hii ni mmoja. Sema mzazi."

"Mzazi? Mimi nimemzaa mbuzi?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Bi Mwaka alimtazama Subira kwa muda, kisha akamwachilia kamba. "Haya, baba, iwe mzazi. Ila ukoo wa mume wangu wasisikie. Walikuwa wakisema sizai; sasa watasema nimezidisha."

Sikudhani alisogea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye mwalimu. Kuna kosa dogo hapa, nitaliondoa leo hii."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mwaka, akimpima toka kichwani hadi miguuni. "Subira yangu huyo ndiye shamba langu, ndiye duka langu, ndiye mkwe wangu. Uniangalizie."

"Nitamwangalia, mama."

Na neno hilo, tofauti na maneno mengi yaliyosemwa katika nchi ile, lilisemwa na mtu aliyekusudia kulitimiza.

*

Mkuu wa Chuo, Bwana Ufunuo Kasole, aliwahi kuongoza chuo cha ukutubi kisichokuwa na vitabu na kile cha uvuvi kisichokuwa na maji; vyote viwili vilisifiwa kwa usafi. Alimpokea Sikudhani kwa hotuba, ingawa walikuwa wawili tu chumbani.

"Binti, ujinga tumekwisha kuung'oa kwa binadamu. Umekimbia. Umejificha wapi? Katika pembe! Katika kwato! Sisi ndio jeshi lililotumwa kuufuata huko ulikokimbilia!"

"Mheshimiwa Mkuu," alisema Sikudhani kwa heshima yote, "nadhani neno 'ya' katika ile hotuba lilikuwa na maana ya 'kuhusu'. Elimu kuhusu mbuzi. Wanaopaswa kusoma ni wale akina mama waliozuiwa langoni."

Kasole aliinuka, akafunga mlango. Akafunga dirisha. Kisha, baada ya kufikiri, akatundika kofia yake juu ya picha ya Mlezi wa Taifa, upande wa sikio.

"Mwanangu," alinong'ona, "unajua 'ya' ile ni ya nani?"

"Ya mbuzi."

"Ya Mlezi! Ukiisahihisha 'ya' yake leo, kesho utamwambia nini? Kwamba 'na' yake ina kasoro? Nchi hii imesimama juu ya maneno madogo kama hayo. Ondoa moja, uone. Nenda kafundishe. Na nikuombe kitu kimoja kama baba yako: usiwe na akili mbele za watu."

Sikudhani alikwenda. Alisimama mbele ya madawati yaliyokatwa miguu, mbele ya kondoo waliokaa safu ya kwanza kwa nidhamu na mbuzi waliokaa juu ya madawati badala ya nyuma yake. Subira alikuwa anatafuna ramani ya nchi, ameanzia mikoa ya kaskazini. Nje, chini ya madirisha, wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani, kwa kuwa hakuna sheria inayomkataza mzazi kumsubiri mtoto wake. Sikudhani aliwatazama wanafunzi, akayatazama madirisha yaliyo wazi, na uso wake ukachangamka. Alipaaza sauti.

"Ewe Subira! Ukifika nyumbani, mwambie mama yako asikulaze kwenye udongo wenye unyevu. Akujengee banda lililoinuka, lenye sakafu ya fito zilizoachana, ili mkojo na kinyesi vidondoke chini nawe ulale pakavu!"

Kutoka dirishani sauti inayovuka mto ikajibu: "Mwalimu, Subira anauliza, liinuke kiasi gani?"

"Subira aambiwe, liinuke mpaka mtu aweze kupitisha ufagio chini yake!"

"Anashukuru. Anauliza pia, mianzi itafaa?"

"Itafaa sana!"

"Na huyu wangu, mwalimu," sauti nyingine ikadakia, "anauliza kwa nini kwato zake zinanuka, ila ana haya kusema mbele za wenzake."

Hivyo ndivyo elimu ilivyoliingia Bonde la Ng'ambo, kwa mlango wa nyuma ambao ni dirisha. Vibanda vikaanza kuinuka. Mwanamke mmoja alisikika akimkemea mumewe aliyeleta kondoo kutoka mnadani: "Mtenge huyo kwanza! Hukusikia alivyofundishwa mbuzi wetu?" Bwana Kasole aliripoti kwamba wanafunzi wanauliza maswali mazuri, na hakuna aliyeuliza kwa lugha gani.

*

Mafanikio katika nchi hiyo ni jambo la hatari, maana huleta wageni. Bwana Pazi alifika kukagua. Alikaa nyuma ya darasa, akasikiliza, akaenda dirishani, akachungulia chini. Wanawake walimwamkia.

"Kelele za wazazi zinawavuruga wanafunzi," alimwambia Kasole kwa sauti yake ya chini. "Madirisha yapigiliwe mbao. Na wanafunzi wasirudi tena nyumbani jioni, wakafundishwe ujinga na majirani. Walale hapa, bwenini, hadi mahafali."

"Wote, mheshimiwa? Bweni ni lile ghala la saruji," alisema Sikudhani. "Wanyama hawa wanahitaji hewa."

Pazi aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza. "Hewa haimo katika mtaala."

Mbao zilipigiliwa, darasani na ghalani. Mbuzi na kondoo wa bonde zima walisukumwa ndani ya ghala, ubavu kwa ubavu, pua kwa pua, na Sikudhani, akiwa mwalimu wa zamu, akakabidhiwa ufunguo mmoja mzito wa mlango wa chuma. Kila alipoufungua mlango huo, joto la pumzi za wanyama lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria. Mitihani ikafanyika. Kondoo wote walifaulu Uraia, kwa kuwa walipoulizwa maswali waliinamisha vichwa, na walipoamriwa kuondoka waliondoka kwa pamoja. Mbuzi walifeli. Mmoja aliupanda ukuta katikati ya mtihani wa Utii. Mwingine aliyala majibu ya jirani yake, jambo ambalo wasimamizi walishindwa kuamua kama ni udanganyifu au lishe. Hata hivyo iliamuliwa kwamba wahitimu wote, waliofaulu na waliofeli, wapelekwe kwa malori katika uwanja mkubwa wa mji mkuu wakapokewe na Mlezi wa Taifa. Kutoka hapo wangesambazwa, mmoja kila kijiji cha nchi, ili wakawaelimishe mbuzi wenzao ambao bado wako gizani.

Sikudhani aliisikia habari hiyo siku ile ile alipomwona mbuzi mmoja, dume jekundu, amesimama peke yake pembeni mwa bweni. Alikuwa ametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo, mdomo wazi, akivuta pumzi kwa shida kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu. Kisha akakohoa. Kesho yake walikohoa wengine. Kondoo, waliolala katikati yao, hawakukohoa hata mmoja.

Alikwenda mbio kwa Kasole. "Ni homa ya mapafu ya mbuzi, Mheshimiwa Mkuu. Huwashika mbuzi, kondoo huwaacha. Hupita kwa pumzi, na tumewabana humo kama dagaa. Sindano zipo ghala la wilaya, zinangoja neno lako moja tu."

"Neno gani?"

"Ugonjwa."

Kasole alifumba macho kama aliyemwagiwa maji. "Hotuba inasema siha timilifu. Neno ulilotaja halijasemwa."

"Wakitawanywa wakiwa hivi, tutakuwa tumepeleka mbuzi mgonjwa kila kijiji cha nchi hii! Hakutabaki mbuzi!"

"Tunza sauti, binti." Alikwenda kwenye picha, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Mimi nina watoto saba. Kondoo wanaishi bwenini humo humo, wanakula majani yale yale, na hawakohoi. Unadhani Bwana Pazi ataamini nini: kwamba mbuzi wanaumwa, au kwamba mbuzi ni wakaidi?"

*

Sasa msomaji anaelewa kwa nini, asubuhi ya gwaride la majaribio, Sikudhani alipauka.

Tume iliwahoji wazazi wote. Iliwapima vifua, ikawaamuru wakohoe ili kulinganisha, kisha ikawaandikia onyo kwa kukohoa. Mwishowe Bwana Pazi alimwita Sikudhani nyuma ya jiko la chuo, mahali ambapo moshi ulikuwa mwingi na wasikilizaji wachache.

"Mwalimu," alisema, "mbuzi ni wazima. Hotuba imesema. Mzima hakohoi. Kwa hiyo aliyekohoa ni mtu, na alikusudia tusi la kale la watu wa bonde hili. Kesho malori yakifika, wewe kama mwalimu wa mifugo utasimama mlangoni na kutamka mbele ya wote kwamba wanafunzi wote ni wazima. Kisha utafungua mlango. Kisha utanitajia mtu."

"Nisipomtaja?"

"Utakuwa umejitaja. Na nisikuchoshe kwa kukueleza hatima ya mtu asiyefaa. Wewe ni msomi."

Aliondoka bila kukanyaga majivu. Sikudhani alibaki amesimama ndani ya moshi, na macho yakawa yanamtoka machozi ambayo angeweza kuusingizia moshi huo.

Bi Mwaka alimkuta hapo. Alikuwa amekuja kuomba maganda ya viazi ya kumrushia Subira kupitia nyufa za mbao.

"Amekuambia umtaje mtu," alisema mama yule, bila kuuliza.

"Umesikia?"

"Sikuhitaji kusikia. Mtu akitoka kwenye moshi bila kukohoa, mwanangu, huyo ana kifua kigumu kuliko binadamu." Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Nitaje mimi. Nitasema nilikohoa. Mjane hafukuzwi popote. Nitafungwa miezi, nitakula ugali wa serikali, nitarudi. Wewe sema wako wazima, umalize masomo, uje uwe mkubwa, ndipo utusaidie."

"Mama, nikisema wako wazima Subira atapakiwa."

Bi Mwaka alikuwa na ganda la kiazi mkononi. Akaliviringisha kama tasbihi.

"Amekohoa?" aliuliza hatimaye.

"Jana. Mara moja. Bado anakula. Akichomwa sindano sasa, akapata hewa, akatengwa na waliozidiwa, anaweza kupona. Akikaa juu ya lori siku mbili katikati ya wagonjwa, hatafika. Na mimba ile, mama..."

"Usinimalizie."

"Nilikuambia nitamwangalia."

"Uliniambia." Bi Mwaka alisimama, akajifunga khanga upya kwa nguvu, kama anayejiandaa kubeba kitu. "Lakini sikukuambia ujizike kwa ajili yake. Mbuzi ni mbuzi. Wewe ni mtoto wa mtu. Kesho sema walichokuagiza. Nakuomba, kama mama yako."

Akaenda zake bila kugeuka. Maganda ya viazi aliyasahau juu ya kinu.

*

Malori yalifika na jua, yamepambwa kwa matawi na picha za Mlezi wa Taifa akitabasamu pande zote nne, pamoja na moja chini ya injini kwa ajili ya mafundi. Bendi ilipiga wimbo wa taifa, uitwao "Tulee, Nasi Tutalelewa". Wazazi walipangwa upande mmoja wa njia, kondoo waliohitimu upande wa pili, wakiwa na riboni shingoni. Mbuzi walikuwa bado ndani ya ghala, nyuma ya mlango wa chuma, na kupitia nyufa za mbao ilisikika milio yao ya chini, isiyofanana na milio ya mbuzi wenye njaa wala mbuzi wenye hasira. Wanawake waliojua sauti za mbuzi wao waliinama kusikiliza, kisha wakatazamana.

Sikudhani alisimama kwenye ngazi ya mlango. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Kulia kwake alisimama Kasole, amevaa joho la mahafali lililokuwa la chuo cha uvuvi, lenye samaki kifuani. Chini ya ngazi alisimama Bwana Pazi, mikono nyuma.

"Ndugu wananchi!" alianza Kasole. "Leo nuru ya elimu inaota pembe! Leo taifa letu, lililokuwa likichungwa, linachunga! Namkaribisha mwalimu wetu atamke, kwa kinywa chake cha kitaalamu, Tamko la Uzima!"

Makofi. Pazi aliinua kidole kimoja, yakakoma yote kwa pamoja. Riboni za kondoo zikasikika zikipepea.

Sikudhani alimtafuta Bi Mwaka katika safu. Mama yule alitikisa kichwa kidogo, polepole, midomo yake ikisema bila sauti: sema.

"Mimi, Sikudhani," alianza, na sauti yake haikuwa yake, "mwalimu wa zamu wa chuo hiki, natamka mbele yenu kwamba wanafunzi wote ni waz—"

Nyuma yake, nyuma ya chuma, jirani kabisa na mgongo wake, kikohozi kilisikika. Kilikuwa kikavu na kifupi.

Bwana Pazi alifungua mdomo, na safari hii hata yeye hakuweza kuuliza nani, kwa kuwa watu wote walikuwa mbele yake na mikono yao ilikuwa inaonekana. Koplo Chilumba aliivua kofia yake bila kujua kwa nini. Katika safu ya wazazi, wazee wa bonde lile waliinua nyuso zao, wakamtazama msichana aliyekuwa juu ya ngazi kama wanavyomtazama msemaji yeyote aliyekoholewa barazani. Walikuwa wanangoja kuona kama amelelewa.

Sikudhani alikatisha maneno yake. Alirudi nyuma hadi pale alipopotoka.

"Mimi, Sikudhani," alianza upya, na sauti sasa ilikuwa yake, "mwalimu wa zamu wa chuo hiki."

"Mwalimu," alisema Pazi, taratibu sana, "fungua mlango."

"Mliuliza nani aliyekohoa. Aliyekohoa ni mbuzi. Mbuzi wa chuo hiki wana homa ya mapafu. Wameipata humu, kwa sababu tuliwafungia bila hewa, na mimi ndiye niliyefunga."

"Huyu hafai!" alipiga kelele Kasole, na kilio kilikuwa ndani ya kelele ile. "Mheshimiwa, nimetamka, mmenisikia, hafai!"

"Nimesikia, Mheshimiwa Mkuu," alisema Sikudhani. Aliutia ufunguo ndani ya nguo yake, kifuani, akaugeukia umati. "Nimeamua hivi. Mbuzi hawapandi malori. Hakuna atakayetoka hapa mpaka wapone, na ufunguo sitautoa. Naanza sasa kubomoa mbao za madirisha. Koplo, naomba uende ghala la wilaya ukaseme neno ugonjwa. Na ninyi, akina mama, piteni, mwingie darasani. Elimu ya mbuzi ni yenu."